Oppenheim akipelekwa Newala: "ndiyo" na "hapana" hazitoshi

Kama umesomea umeme, mawasiliano au kompyuta, huenda umekutana na *Signals and Systems* cha Alan Oppenheim na Alan Willsky, toleo la pili la 1997 walilolitoa pamoja na S. Hamid Nawab. Wanafunzi wengi wanakiita "Oppenheim" tu, yaishe. Kama hujakisoma usijali, maana makala hii haihitaji hesabu ngumu kuliko kujumlisha na kuzidisha.

Leo tukosoe kipande chake kimoja kidogo, sehemu ya 1.6, inayofundisha kupima tabia za mfumo. Zimo tabia sita, na mimi nashika mbili: usababishi na uthabiti. Hoja yangu ni kwamba kitabu kinakufundisha vizuri sana kujibu "ndiyo" au "hapana", halafu kinahamia mada nyingine kabla hujauliza jibu hilo linamfaa nani, na linamfikia lini. Tusibishane hewani. Tukipeleke Newala na Masasi, msimu wa kupanda.

Kwanza maana

Mfumo ni kitu chochote kinachopokea ingizo na kutoa tokeo. Redio ni mfumo, na hata kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi ni mfumo, mradi ukiipa namba inakurudishia namba.

Mfumo ni wa kisababishi kama tokeo la leo linategemea ingizo la leo na la siku zilizopita tu. Kwa lugha ya mtaani, hauchungulii kesho. Mfumo ni thabiti kama kila ingizo lenye mipaka linazaa tokeo lenye mipaka, yaani ukiulisha vitu vya kiasi hautalipuka.

Kitabu kinapopatia

Kwenye mbinu ya kupima, Oppenheim ni fundi. Chukua mfumo y[n] = x[−n]. Mwanafunzi mwenye haraka anajaribu n = 3, anapata x[−3], anasema "huo ni wakati uliopita, basi ni wa kisababishi". Kitabu kinamwambia ajaribu na n hasi. Ukiweka n = −3 unapata x[3], na hapo mfumo umechungulia kesho. Kisha kinakuja na mtego wa upande wa pili: y(t) = x(t)cos(t + 1). Ile t + 1 inatisha, lakini kosaini ni namba tu inayojulikana tangu mwanzo, haisomi ingizo la kesho. Mfumo huo ni wa kisababishi.

Somo hapo ni zito. Kuthibitisha "hapana", mfano mmoja unaokwenda kinyume unatosha. Kuthibitisha "ndiyo", hoja yako lazima ishike kwa kila ingizo linalowezekana. Ukitoka na hilo tu kwenye kitabu kizima, hela yako haijapotea.

Mvua imeanza lini?

Sasa twende kusini. Newala iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, pale ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini kabisa. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda, katikati ya vilima vya miamba. Kote huko mvua ni za msimu mmoja, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu huo kwa miezi ya Novemba hadi Aprili. Anayepanda mahindi au karanga ana swali moja kubwa: hii mvua ya leo ndo yenyewe, au ni ya kudanganya? Akikosea, mbegu inaota, jua linaikausha, na anatafuta mbegu nyingine.

Wataalamu wa hali ya hewa na kilimo wanazo fasili kadhaa za mwanzo wa mvua. Aina moja inayotumika sana inafanana na hii: mvua imeanza pale ambapo, kuanzia tarehe 1 Novemba, siku mbili mfululizo zimeleta jumla ya milimita 20 au zaidi, na ndani ya siku 30 zinazofuata hakuna kipindi cha siku 10 mfululizo bila mvua. Namba hubadilika kutoka mahali hadi mahali, lakini umbo ndilo hilo.

Huu ni mfumo kamili. Ingizo ni mvua ya kila siku. Tokeo ni 1 kama masharti yametimia siku hiyo, na 0 kama hayajatimia. Tuupime kwa mbinu ya Oppenheim.

Chukua misimu miwili ya kufikirika, A na B. Mvua zake zinafanana tone kwa tone hadi tarehe 28 Novemba, na siku hiyo inanyesha milimita 25 katika yote miwili. Msimu A mvua inaendelea vizuri. Msimu B mbingu zinafunga kuanzia tarehe 5 hadi 20 Desemba. Tokeo la tarehe 28 Novemba kwa A ni 1, na kwa B ni 0. Ingizo hadi siku hiyo ni lilelile, tokeo ni tofauti. Basi mfumo si wa kisababishi. Kwa mtihani, umepata alama zote.

Na hapa ndipo ninapoanza kugombana na kitabu. Kinasema, na ni kweli, kwamba kutokuwa wa kisababishi si kosa pale data zimeshakusanywa, na data za hali ya hewa ni mojawapo ya mifano yake. Mtafiti mwenye rekodi za miaka 30 mezani ana haki ya kutumia fasili ile, kwa sababu Desemba yake imeshapita. Lakini kitabu kinaziacha dunia hizi mbili, ya rekodi na ya papo kwa papo, zikae mbalimbali kama vile hakuna kinachovuka. Kwenye maisha kinavuka, na ndiko hatari iliko.

Mwangalie mkulima wa Newala aliyepanda tarehe 29 Novemba ya msimu B, siku moja tu baada ya mvua ile kubwa. Baadaye mtu anachora grafu ya tarehe za kupanda na tarehe za mwanzo wa mvua, na grafu inamwonyesha mkulima huyo kama "aliyepanda kabla ya mvua kuanza". Hitimisho rahisi ni kwamba anahitaji elimu. Kumbe siku ile, kwa taarifa zilizokuwepo duniani siku ile, msimu wake na wa yule wa msimu A vilikuwa kitu kimoja. Amepimwa kwa kipimo kilichoiona Desemba, ilhali yeye alikuwa na Novemba tu mkononi. Mwanafunzi aliyefundishwa usababishi vizuri angelipinga hitimisho hilo papo hapo.

B. P. Lathi, kwenye *Linear Systems and Signals*, anafika mbali kidogo zaidi. Anaeleza kwamba mifumo mingi isiyo ya kisababishi inaweza kutengenezwa ukikubali kuchelewa. Hiyo inatupa njia ya kwanza kati ya tatu. Subiri siku 30, ndipo utangaze kwamba mvua ilianza tarehe 28 Novemba. Ni sahihi, na kwa kupanda haina kazi. Njia ya pili ni kufuta sharti la siku 30 na kukubali kwamba mara nyingine utadanganywa. Njia ya tatu ni kuweka utabiri mahali pa siku 30 za kweli. Zingatia hili: utabiri ni mfumo wa kisababishi. Hauioni kesho, unaikisia kwa data za hadi leo. Ndiyo maana hukosea, na kukosea huko ni bei halali ya kutochungulia.

Kwa hiyo usababishi ni suala la bei. Unalipa kwa kuchelewa, kwa kudanganywa, au kwa kukisia. Sehemu ya 1.6 inakuonyesha bidhaa bila kukutajia bei.

Thabiti, lakini debe tupu

Sasa uthabiti. Mfumo wetu wa mwanzo wa mvua ni thabiti? Tokeo ni 0 au 1, halizidi hapo hata inyeshe gharika. Thabiti kabisa, tiki ya kijani.

Lakini tuseme kwenye msimu A kipimo cha mvua kimesomwa vibaya kidogo, na siku zile mbili zikaandikwa milimita 19 badala ya 25. Sharti la kwanza limeanguka. Tarehe ya mwanzo inaweza kuruka hadi mvua nyingine kubwa, wiki kadhaa mbele. Kosa dogo kwenye ingizo, ruko kubwa kwenye tokeo. Fasili ya uthabiti haioni tatizo lolote, kwa sababu inauliza kama tokeo lina mipaka, haiulizi kama tokeo linatikisika kwa kuguswa kidogo. Ukisikia neno "thabiti" kwa masikio ya Kiswahili, unategemea yote mawili. Kitabu kinakupa moja.

Mfano wa pili ni maji. Udongo wa juu ya Uwanda wa Makonde una mchanga mwingi, mvua inazama upesi, na maji ya juu ya ardhi ni haba. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kupandisha maji kwa pampu kutoka mabondeni, na nyumba nyingi huvuna maji ya bati. Bati la mita za mraba 50 likipata milimita 10 za mvua linaweza kutoa hadi lita 500.

Tangi hilo kwa Oppenheim ni kilimbikizi: maji ya leo ni ya jana ukijumlisha yaliyoingia. Kilimbikizi ni mfano mashuhuri wa mfumo usio thabiti, maana ukiingiza lita 100 kila siku bila kutoa, siku ya n una lita 100n, hakuna kikomo. Tangi la kweli lina mdomo, likijaa linamwaga. Kwa hiyo limekuwa thabiti, na haliwezi kuzidi ujazo wake.

Sawa, lakini mama mwenye nyumba hajauliza hilo. Familia yake ikitumia ndoo tatu za lita 20 kwa siku, kuanzia Mei hadi Oktoba, siku 184, inahitaji lita 11,040. Tangi la lita 5,000 lililojaa tarehe 1 Mei litakauka kabla Julai haijaisha. Ni thabiti kwa kila fasili, na halina tone. Yeye anauliza tokeo litashuka hadi wapi na litakaa huko muda gani. Sehemu ya 1.6 inaangalia tu kama tokeo litapanda bila kikomo.

Basi tukitupe kitabu?

Hapana. Kisome, na mifano yake ya mitego ifanye yote. Ila kila ukimaliza kuandika "si wa kisababishi", ongeza mstari: tokeo hili linapatikana siku gani, na nani alihitaji kuamua kabla ya siku hiyo? Kila ukiandika "thabiti", ongeza mwingine: ingizo likikosewa kidogo tokeo linahama kiasi gani, na mipaka hiyo inamtosha anayeishi ndani yake? Walimu wanaotunga mitihani nao wangeweza kuipa mistari hiyo alama mbili tu, na darasa lingebadilika.

Zoezi la nyumbani: tafuta grafu yoyote iliyolainishwa, ya mvua za Masasi au bei ya korosho mnadani. Angalia ncha yake ya kulia. Kama mchoraji ametumia wastani wa siku saba wenye leo katikati, siku tatu za mwisho hazina jibu, maana zinahitaji siku ambazo hazijafika. Kama mstari umefika hadi leo bila kukatika, muulize hizo siku tatu kazitoa wapi.