Kuipima Thrashi kwa Albamu za Coroner

Mtu anayeanza kusikiliza thrashi hunaswa kwanza na kasi. Ndivyo ilivyo kwa karibu wote, maana muziki huu ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale vijana wa California, New York na Ujerumani walipoichukua metali nzito ya Uingereza wakaitia haraka ya panki. Baadaye sikio huchoka na mbio, na hapo swali huja: kwa nini albamu hii nairudia kila mara, na ile nyingine, yenye kasi ileile na gitaa zinazonguruma vilevile, nimeiacha ipigwe vumbi? Kwangu jibu limo katika namna bendi inavyotawala muda: inakata wapi, inasubiri wapi, inaachia wapi. Na sijui bendi inayolionyesha jambo hilo waziwazi kuliko Coroner ya Uswisi, ambayo hata mashabiki wengi wa Metallica na Slayer hawajawahi kuisikia.

Walikuwa watatu, wote wa Zürich na vitongoji vyake: Tommy Vetterli kwenye gitaa, Ron Broder kwenye besi na sauti, na Markus Edelmann kwenye dramu. Kwenye majalada walijiita Tommy T. Baron, Ron Royce na Marquis Marky. Kabla ya kujulikana walikuwa wakiwabebea vyombo wenzao wa bendi ya Celtic Frost ziarani, na mwaka 1986 walipotoa kaseti yao ya majaribio, *Death Cult*, aliyeimba ni kiongozi wa Celtic Frost mwenyewe, Tom G. Warrior. Kampuni ya rekodi ya Noise ya Berlin ikawachukua. Kati ya 1987 na 1993 wakatoa albamu tano, na mwaka 1996 wakaagana.

Sasa, kupima. Anza na mkono wa kulia. Rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa na kuubeba wimbo, katika thrashi hupigwa zaidi kwenye nyuzi nene, kisigino cha kiganja kikiwa kimezilalia pale zinapoingia kwenye daraja la gitaa. Kiganja kikikaza, noti hutoka fupi na kavu. Kikilegea kidogo, huvuma. Ugumu ni kwamba amplifaya iliyofunguliwa hadi sauti ikwaruze haichagui cha kukuza: kidole kilichoteleza, uzi wa jirani ulioguswa bila kukusudia, mlio ulioning'inia baada ya rifu kuisha, vyote hutoka kwa ukubwa uleule. Kwa hiyo acha kufuata noti kwa muda, ufuate mapengo. Pale bendi nzima inapokata kwa pamoja, je, unasikia kimya, au unasikia ukungu wa kelele? Weka "Die by My Hand", wimbo unaofungua *No More Color* ya 1989. Rifu zinabadilishana kwa kasi ya kutisha, lakini kila moja inafungwa kabla nyingine haijafunguliwa, na hapo katikati pengo ni tupu kabisa, hata kama halifiki nusu sekunde. Ukishalisikia pengo hilo mara moja, bendi nyingi ulizoziona hodari zitaanza kukusumbua.

Kipimo cha pili kinahusu nani anafanya kazi gani. Aliyekulia kwenye dansi la Kikongo anajua jinsi ridhimu, mi-solo na solo zinavyosukana, kila gitaa likiliachia jingine nafasi. Bendi nyingi za thrashi zina gitaa mbili, moja ikishika rifu wakati nyingine inapaa. Vetterli alikuwa peke yake. Studio inaruhusu kurekodi gitaa juu ya gitaa, lakini nyimbo hizi zilitungwa zipigwe na watatu jukwaani, kwa hiyo gitaa likienda kwenye solo, chini yake kuna besi na dramu tu. Ndiyo sababu Broder hakuweza kuwa kivuli cha gitaa. Mara nyingi besi yake inapita njia yake, inakutana na gitaa mwishoni mwa sentensi, kisha inaachana nalo tena. Linganisha na *...And Justice for All* ya Metallica ya 1988: nyimbo kubwa, zimejengwa kwa akili nyingi, lakini besi karibu haisikiki, na mwili wa muziki umebaki mifupa. Albamu ya thrashi isiyokuruhusu kuifuata besi kwa dakika tatu mfululizo imekunyima sehemu nzima ya bendi, na mimi huipunguzia alama bila kuionea haya.

Solo nazo zina kipimo chake. Mpigaji wa kawaida hupewa nafasi, akamwaga noti nyingi awezavyo, akarudi kwenye rifu. Vetterli ana mafunzo ya muziki wa kizungu wa kale masikioni, na solo zake zina mwanzo, kati na mwisho. Unaweza kuziimba kwa mdomo. Jaribu hivyo na solo yoyote unayoisifia: kama huwezi kuiimba hata sehemu yake, huenda unachosifia ni vidole tu.

Kuhusu dramu nitasema kwa ufupi. Edelmann hakuwa wa kasi kuliko wote wa zama zake. Anachokupa ni uchaguzi: lini pedali mbili ziingie, lini zinyamaze. Yeye ndiye pia aliyeandika mashairi, na labda ndiyo maana dramu zake zinafuata maneno badala ya kuyafunika.

Vipimo hivi vikishakaa sikioni, pitia albamu kwa mpangilio wa miaka. *R.I.P.* ya 1987 ni ya vijana wanaotaka kuonyesha kila wanachojua: rifu juu ya rifu, madoido ya kiklasiki, na wimbo wa ala tupu, "Nosferatu", katikati. Naipenda, lakini ina msongamano. *Punishment for Decadence* ya 1988 imeanza kuchuja, na "Masked Jackal" ina rifu inayokaa kichwani baada ya kuisikia mara moja. *No More Color* ndiyo kilele cha ule mtindo wa kasi. Ilichanganywa Morrisound, studio ya Tampa, Florida, na Scott Burns, yule ambaye jina lake limeshikamana na metali ya kifo ya Florida, na inamaliza kazi yake kwa dakika 34 hivi. Humo, wimbo wa mwisho, "Last Entertainment", unapunguza mwendo na kutangaza kinachokuja.

Kinachokuja ni *Mental Vortex*, 1991, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Mwendo umeshuka, na ugumu umeongezeka. Kwenye mbio, kosa dogo la muda hupita bila kuonekana. Kwenye mwendo wa kati, kama ule wa "Semtex Revolution", noti ikichelewa kidogo tu kila mtu anajua, na hawa watatu hawachelewi. Wanafunga na "I Want You (She's So Heavy)" ya Beatles, na inashangaza jinsi inavyokaa sawa na nyimbo zao: rifu nzito inayorudiwa bila huruma hadi inakuwa kitu kingine.

*Grin* ya 1993 ilisukuma wazo hilo hadi mwisho. Inakaribia saa nzima, ina nyimbo zinazopita dakika saba, na rifu hukaa mahali pamoja kwa muda ambao bendi ya 1987 isingeuvumilia. Wengi waliotaka mbio waliiona baridi. Mimi naiona ndiyo albamu yao yenye ujasiri kuliko zote, na "Internal Conflicts" ni mtihani mzuri kwa sikio lako: rifu chache, nafasi kubwa, hakuna pa kujificha.

Dosari zipo. Sauti ya Broder ni kavu na haina upana. Inafaa kama ala ya nne, haibebi wimbo peke yake. Na sokoni hawakubahatika: walikomaa wakati *Nevermind* ya Nirvana na ile albamu nyeusi ya Metallica, zote za 1991, zilipokuwa zinageuza masikio ya dunia.

Walirudi jukwaani mwaka 2011. Edelmann aliondoka 2014, nafasi yake ikachukuliwa na Diego Rapacchietti, na mwaka 2025, miaka 32 baada ya *Grin*, ikatoka *Dissonance Theory*. Isikilize mwisho, baada ya zile tano. Dramu za Rapacchietti ni nzito na nyoofu kuliko za Edelmann, na mchanganyiko wa sauti ni wa kisasa, mnene. Lakini mkono wa kulia wa Vetterli ni uleule, na mapengo bado ni matupu.