Wanaoifanya Arusha Izungumze

Wageni wengi hulala Arusha usiku mmoja, na alfajiri wanapakiwa garini kuelekea Ngorongoro au Serengeti. Mji wanauonea dirishani. Mwongoza watalii wa miguu ndiye anayewaonyesha walichopitwa nacho, na kazi yake inastahili sifa kuliko inavyopewa: simba hujionyesha mwenyewe, lakini ukuta haujisimulii.

Chukua Boma, ngome nyeupe ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1900, ambayo leo ni makumbusho. Mwongozaji mchanga hutaja mwaka akapita. Aliyekomaa huwasimamisha wageni nje kwanza, awaeleze ni nani waliolazimishwa kuijenga: Waarusha na Wameru, waliokuwa wametoka kushindwa vitani. Ndipo awaingize ndani. Mpangilio huo ndio ufundi wenyewe. Ukianzia kwenye vyumba vya maonyesho, ngome inabaki jengo la kupigia picha tu.

Kutoka hapo si mbali hadi Makumbusho ya Azimio, ukumbusho wa kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU cha Januari 1967 kilicholizaa Azimio la Arusha. Hapa maneno mengi hayahitajiki. Watanzania wakiwamo kundini, huanza wenyewe kubishana juu ya Ujamaa, na mwongozaji mwenye busara huwaachia uwanja.

Ukishika barabara ya Moshi, historia ya mji huu inafika hadi Urusi. Huko Akeri, mwaka 1896, waliuawa wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Mmoja alikuwa mzaliwa wa Estonia na mwingine wa Latvia, nchi zilizotawaliwa wakati huo na mfalme wa Urusi kutoka St. Petersburg. Kisasi cha Wajerumani na washirika wao Wachaga kilikuwa kikali, na mifugo mingi ilitekwa. Mwongozaji mkweli husimulia yote mawili: damu ya wamisionari na msiba wa Wameru. Karibu na hapo, Tengeru, yapo makaburi ya Wapolandi. Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu kutoka makwao, wengi wakapelekwa Siberia. Wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakafikia kambi hii iliyohifadhi watu wapatao 5,000, hasa wanawake na watoto.

Hata hivyo, mwongozaji hupimwa hasa kwenye mifereji. Katika vijiji vya miteremko ya Meru, kama Ng'iresi, mgeni huona kijito chembamba kikipita migombani, akakiruka. Mwongozaji humwita arudi. Humpandisha hadi kwenye banio, pale mawe, magogo na udongo vinapochepusha sehemu ya maji ya mto, kisha wanashuka pamoja na maji. Sasa mgeni anaona kwamba mfereji haukimbilii bondeni. Unazunguka ubavu wa mlima taratibu. Mteremko ukizidi, maji hula kingo. Ukipungua, tope hujaa. Kuupata mteremko huo bila vifaa vya mpimaji ni elimu nzito, na inaumiza kuiona ikipitwa kwa hatua moja ya mguu. Kisha kuna zamu: nani anafungulia maji shambani leo, nani kesho, na nani hakuonekana siku ya kusafisha mfereji. Hayo mwongozaji bora hayasemi mwenyewe. Humwita mkulima, akatafsiri, akajiweka kando.

Kundi likiwa na udadisi, matembezi huendelea hadi Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Huko Wameru walifukuzwa mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, na Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari hiyo hula siku nzima na huhitaji gari, kwa hiyo mgeni anayeitaka amwambie mwongozaji wake mapema.