Sitara ya Kioo Kidogo

Mkokoni ya Lamu iko bara, inatazamana na kisiwa cha Kiwayu, na jina lake limebeba mikoko. Jua likishatua huko, giza huwa giza kweli. Mtu akipita ufuoni uso wake huuoni. Unamjua kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa anavyoburuta ndala mchangani. Huko ndiko ningempeleka anayetaka kujifunza kupiga filamu ya watu wasioweza kuonyesha nyuso zao.

Nazungumzia filamu fupi za wapenzi wa jinsia moja na za watu waliobadili jinsia, zinazopigwa kwa simu na kwa pesa ya nauli. Najua msomaji wangu wa Lamu huenda hakubaliani nami juu ya mapenzi hayo. Namwomba hata hivyo aitazame kazi ya mikono.

Mfano mkubwa wa Kenya haukupigwa kwa simu, lakini roho yake ni hiyohiyo. Mwaka 2014 kikundi cha Nest cha Nairobi kilitoa Stories of Our Lives, filamu fupi tano za nyeusi na nyeupe zilizoongozwa na Jim Chuchu. Walikuwa na kamera moja ndogo, taa mbili na kompyuta ya mapajani. Waliwasikiliza watu kwanza, wakarekodi visa vyao, kisha waigizaji wakavibeba. Aliyesimulia akabaki nyumbani kwake salama. Kisa chake kikafika tamasha la filamu la Toronto. Oktoba mwaka huo Bodi ya Kuainisha Filamu ikazuia isionyeshwe nchini, na mtayarishaji George Gachara akashtakiwa kwa kupiga filamu bila leseni, mashtaka yaliyoondolewa baadaye. Mwaka 2015 filamu ikatuzwa kwenye tamasha la Berlin.

Mwaka huohuo Mmarekani Sean Baker alipeleka tamasha la Sundance filamu yake Tangerine, kisa cha wanawake wawili waliobadili jinsia jijini Los Angeles, iliyopigwa kwa iPhone 5s. Mle nyuso zinajaa kioo, juani, bila kificho. Kwetu kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono “kinyume cha maumbile”, kingalipo, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Mpigaji wa hapa hana budi kutafuta ufundi mwingine.

Na anaupata. Lenzi ya simu ya bei ndogo ni pana na haivuti mbali bila kuharibu picha, kwa hiyo lazima asogee. Akitaka mkono unaotetemeka sharti akae pale anapoweza kuushika, na hapo hakai mtu asiyeaminiwa. Gizani picha ya simu hujaa chenga. Basi mpigaji humweka mtu dirishani mchana, mwanga nyuma yake, akabonyeza kioo penye mwangaza na kushikilia mpaka simu ijifunge hapo. Mtu anakuwa kivuli, lakini ni kivuli chake mwenyewe, chenye shingo yake na mabega yake. Kaskazi ikivuma, maikrofoni haisikii ila mvumo; sauti hurekodiwa ndani, mlango umefungwa, kwa simu ya pili iliyofunikwa leso. Nimetazama filamu ya namna hii ambayo muda wote haikuonyesha ila mikono miwili ikichambua mchele, na nikaogopa chombo cha mchele kisije kikaanguka.

Pwani tuna neno la kazi hii: sitara. Zamani mabibi wa Lamu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichoinuliwa kwa vijiti kikawazunguka. Mtaa uliona shiraa ikipita, ukajua kuna mtu wa heshima ndani. Kusitiri ni kumlinda mtu huku ukikiri kuwa yupo. Kumziba uso kwa duara jeusi, kama wafanyavyo watu wa habari za televisheni, ni kumfanya mhalifu. Tofauti hiyo ndiyo ufundi ninaousifu, na simu ya bei ndogo imewafundisha vijana wengi kuliko kamera kubwa.

Wewe unayepiga, zima kitambua mahali kabla ya kuanza, maana faili huweza kubeba mahali na saa ya picha bila kukwambia. Ukimaliza, mpe simu yule uliyempiga picha atazame peke yake, mpaka mwisho. Akisema futa, futa mbele yake.