Sarufi Moja kwa Lugha Zote?

Leo twataka kupima neno kubwa lililonenwa na Bwana Noam Chomsky, mtaalamu wa lugha wa Marekani. Mwaka 1957 kitabu chake kidogo, Syntactic Structures, kilipigwa chapa The Hague. Humo alionyesha ya kuwa sentensi haikutungwa kama shanga uzini, neno baada ya neno, bali hujengwa fungu ndani ya fungu. Mwaka 1965, katika kitabu kingine, alinena kwamba mtoto huzaliwa na msingi wa sarufi akilini mwake, nao ni mmoja kwa wanadamu wote.

Neno hili twalisifu. Mtoto wa miaka minne husema sentensi asizopata kuzisikia, wala hakufundishwa kanuni zake. Tena, likiwa kweli, hakuna taifa lililopewa lugha duni.

Lakini tuna neno juu yake. Mifano ya kitabu kile cha kwanza karibu yote ni ya Kiingereza. Naye atakaye kupima nchi nzima hapimi shamba lake tu. Tutazame sentensi hii: "Wageni wameingia mjini." Kitenzi chafuata wageni. Tukiigeuza twasema: "Mjini mmeingia wageni." Walioingia ni wageni wale wale, lakini kitenzi kimewaacha, kimefuata mahali. Kiingereza hakifanyi hivyo. Hata mahali pakitangulia, kitenzi chake hubaki na wageni. Basi kiima ni kipi, mtenda au mahali?

Swali hili halionekani kwa atazamaye Kiingereza peke yake. Bibi Joan Bresnan, mwanafunzi wa Chomsky mwenyewe, alilichunguza pamoja na Jonni Kanerva katika Kichewa cha Malawi, ambacho nacho hugeuza sentensi vivyo hivyo. Katika makala yao ya mwaka 1989 walitoa hoja kwamba mahali ndipo penye cheo cha kiima.

Hukumu yetu ni hii: huenda msingi ukawa mmoja, lakini hautajulikana mpaka lugha nyingi ziitwe kutoa ushahidi, na zetu zimo. Basi, enyi walimu wenzetu, mtoto akiandika "Mjini mmeingia wageni," msimkatie mstari kwa sababu Kiingereza hakisemi hivyo. Ameandika sawasawa.