Ungo wa Majaliwa na Vitabu Vingine vya Maajabu

Wapo watu wanaoamini kwamba mtu akishaota mvi hapaswi tena kusoma hadithi za watu wanaopaa angani. Asome magazeti, asome maandiko ya dini, na akitaka kujiburudisha asome historia. Mimi sikubaliani nao. Msimu wa mvua uliopita, hapa Kakonko, nilisoma vitabu vitano ambavyo wenyewe wangesema ni vya vijana: viwili vya mwandishi mmoja mwenye asili ya Nigeria, na vitatu vya Kiswahili. Havikupatikana hapa. Kwetu duka la vitabu maana yake ni duka la daftari, kalamu na vitabu vya kiada. Vingine viliagizwa Dar es Salaam vikaja na basi kupitia Nyakanazi, na vingine aliniletea mpwa wangu. Nikishavisoma huwaazima vijana wa jirani, kwa hiyo maoni ninayoyatoa hapa yamechanganyika na maneno yao.

Kipimo changu ni chepesi. Hadithi ya maajabu inatakiwa iwe na sheria zake, na izitii. Mwandishi akisema jini hutoka chupani kwa gharama fulani, basi gharama hiyo ilipwe. Pili, nikifunga kitabu nirudi duniani nikiona jambo nililokuwa silioni. Kisichotimiza hayo mawili ni fataki: kinawaka na kuzimika.

Nianze na mzee wetu Shaaban Robert, maana bila yeye hatuna pa kusimama. *Adili na Nduguze* ilitoka mwaka 1952, na nimeirudia mara nyingi. Adili ana ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Kila usiku analazimika kuwapiga mijeledi, kisha anawalisha kwa heshima huku moyo unamuuma. Hapo ndipo palipo na ustadi. Adhabu ya kijini haimwangukii mkosaji peke yake. Anayeitekeleza naye anateseka, na akiacha kuitekeleza anaadhibiwa. Kijana akisoma kurasa zile anaelewa jambo ambalo hotuba mia za wazee haziwezi kumfundisha: kwamba kumwadhibu ndugu yako kunakula hata wewe. Lugha yake ni ya zamani, na vijana hulalamika kwamba watu wake ni wema mno au wabaya mno, majina yao yanawasema kabla wao wenyewe hawajasema. Nakubali. Lakini sheria ya ajabu iliyomo inatiiwa hadi mwisho.

Kitabu cha pili ni *Marimba ya Majaliwa* cha Edwin Semzaba, kilichotoka mwaka 2008. Wengi tunamjua Semzaba kwa tamthilia yake ya *Ngoswe*, lakini naona hiki ndicho kitabu chake chenye ujasiri zaidi. Mtoto Majaliwa, mpiga marimba, anaizunguka Tanzania, na chombo chake cha kusafiria ni ungo.

Msomaji asipite haraka hapo. Mtoto wa Uingereza akisoma juu ya mchawi aliyepanda ufagio anacheka, kwa kuwa kwao ufagio wa mchawi umeshakuwa kitu cha kuchezea. Kwetu ungo haujafika huko. Mchana mama anapetea maharage, na usiku, kwa jinsi tunavyosimuliana, wachawi wanapaa nao. Nchi hii bado ina Sheria ya Uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928, na ina makaburi ya vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uliotokana na miaka mingi ya kupika kwa kuni ndani ya nyumba zenye moshi. Kwa hiyo mwandishi anapochukua ungo na kumpandisha mtoto asiye na hatia, hachezi. Anaunyang'anya uovu chombo chake.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alipofika katikati ya kitabu alinijia na uso wa wasiwasi. “Mwalimu,” akasema, “huyu Majaliwa si mchawi huyu?” Nikamwambia amalize kwanza, kisha ajibu mwenyewe. Alipokirudisha alikuwa na swali jingine: kama ungo unaweza kumpeleka mtu akaione nchi yake yote, nani aliyewaachia wachawi peke yao? Sijui kama Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, aliwahi kupata mhakiki bora kuliko huyo. Dosari ninayoiona ni kwamba mara nyingine safari inageuka somo la jiografia, na mwandishi anataka tuone kila kitu kabla hatujashuka. Lakini afadhali kitabu kinachopenda nchi kupita kiasi kuliko kisichojua kilipo.

Kitabu kilichonisumbua zaidi ni *Akata Witch* cha Nnedi Okorafor, kilichochapishwa mwaka 2011 kwa Kiingereza. Sunny ni msichana wa miaka 12, aliyezaliwa Marekani na anayeishi Nigeria, naye ana ualbino. Anapenda mpira wa miguu ila jua linamkataza. Baadaye anagundua kwamba yumo katika jamii ya siri yenye uwezo wa kiroho, inayoitwa Watu wa Chui. Katika jamii hiyo, kile ambacho walimwengu wanakiita kasoro ndicho chanzo cha kipawa cha mtu. Kuna jambo jingine zuri sana: kila mtu anapojifunza kitu kipya, fedha zinamdondokea kutoka hewani. Elimu ndiyo inayolipa, si mali wala ukoo. Vijana wangu walilipenda jambo hilo, ingawa mmoja alisema kwamba hapa Kakonko angekuwa tajiri wa kudondokewa na senti.

Sasa niseme kilichonisumbua. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilipatwa na aibu ya watu kuuawa na kukatwa viungo kwa sababu walizaliwa na ualbino, zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambayo imepakana nasi. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta vibali vya waganga wa jadi. Kule Kasulu, Shule ya Kabanga iligeuka kimbilio: watoto walitengwa na mama zao ili wabaki hai. Na wale wauaji walikuwa wanaamini nini? Waliamini hasa kwamba mwili wa mtu mwenye ualbino una nguvu za ajabu. Basi mwandishi anapokuja na kuniambia kwamba Sunny ana nguvu za ajabu, na kwamba ualbino wake unahusika, mimi msomaji wa Kigoma nashtuka. Msomaji wa Chicago haoni chochote cha kushtusha hapo.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa. Upande mmoja unasema: huyu mwandishi amempa mtoto mwenye ualbino nafasi ambayo hajawahi kuipata katika vitabu, nafasi ya shujaa. Hafichwi, hahurumiwi tu. Anatenda. Tena adui mkuu wa kitabu ni mtu anayewateka watoto kwa ajili ya kujipatia nguvu, na watoto wenyewe ndio wanaomkabili. Kwa hiyo mwandishi anaujua uovu ule na anauita kwa jina lake. Nguvu za Sunny ni zake mwenyewe. Haziko katika mfupa wake wala nywele zake ili mtu mwingine aje azichukue. Anazipata kwa kujifunza, kwa kuogopa na kwa kusimama na rafiki zake. Tofauti hiyo ni kubwa: wauaji waliona kitu, mwandishi anaona mtu.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi. Baada ya Sunny kuingia katika jamii ile, jua haliwezi tena kumdhuru, naye anatoka uwanjani mchana kweupe na kucheza mpira. Wasomaji wengi watafurahi. Mimi ndipo nilipokiweka kitabu chini. Mtoto wa Kabanga hataamka siku moja jua likiwa rafiki yake. Anahitaji kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, na mafuta ya kujikinga kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Bila hayo, anachongojewa na jua la nchi hii ni saratani ya ngozi. Ile sheria niliyoitaja mwanzoni, kwamba gharama ilipwe, hapo imevunjwa. Mwandishi alikuwa ametuahidi kwamba kasoro ndiyo kipawa, kisha akaiondoa kasoro pale ilipokuwa inauma. Ingekuwa hadithi kubwa zaidi kama Sunny angecheza mpira jioni, baada ya jua kupoa, na bado akawa bora kuliko wote.

Je, nikiazime kitabu hiki? Ninakiazima, lakini si bila mazungumzo. Ningependa kisomwe darasani, pawepo mwalimu, na darasani humo awepo mtoto mwenye ualbino ambaye ana haki ya kusema kwamba kitabu kimemkosea.

*Binti* cha mwandishi huyohuyo, cha mwaka 2015, ni kifupi, na kilizoa tuzo za Nebula na Hugo. Jina lake ni neno letu, ingawa msichana mwenyewe ni wa kabila la Wahimba wa Namibia. Anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, akiwa amejipaka udongo mwekundu wa nyumbani. Kila kijana aliyetoka kwetu na sanduku la bati kwenda shule ya mbali atajiona humo: unataka kwenda, na unataka kunukia kwenu. Kurasa za safari ni nzuri kupita kiasi. Lakini karibu abiria wote wanauawa chomboni na viumbe wa Meduse, na mwisho wa kitabu chuo kinawasamehe wauaji hao katika kurasa chache, mmoja wao akapewa hata nafasi ya kusoma. Hapa tumepakana na Burundi. Tumeishi na wakimbizi miaka mingi, na kambi ya Mtendeli ilikuwa wilayani kwetu hadi ilipofungwa mwaka 2021. Watu waliokaa kambini wanajua amani haiji kwa mkutano mmoja wa maprofesa.

Kuhusu *Walenisi* cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995, nitasema machache. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani ili akafie huko, naye anafika kwenye dunia isiyo na unyonyaji. Jina la dunia hiyo ukilikata linasema “wale ni sisi”. Mwanzo wake unashika koo. Baadaye wenyeji wanahutubia mno, na maajabu yanakaa kimya yakisubiri hotuba iishe. Hata hivyo aliyekiandika aliwahi kuwekwa kizuizini nchini Kenya, na nikikumbuka hilo namvumilia.

Nilichojifunza ni kwamba Kiswahili hakikosi vyombo vya kazi hii. Tuna ungo, tuna majini, tuna mizimu, tuna nchi ya Kusadikika iliyoelea hewani. Tunachokosa ni vitabu vya kutosha, na waandishi wasioogopa kugusa vitu ambavyo watu bado wanaviamini. Anayeandika juu ya ufagio huku kwetu anaandika mbali na hatari. Anayeandika juu ya ungo anaandika nyumbani, na huyo lazima awe mwangalifu kuliko mwenzake wa ughaibuni, maana jirani yake anaweza kumsadiki. Ndiyo maana, kati ya vitano hivi, cha Semzaba ndicho ninachokiazima kwanza.