Nafsi Iliyofutwa: Lugha ya Ripoti za Utafiti-Tendaji katika Shule za Handeni na Korogwe

Utafiti-tendaji una sharti moja linaloutenga na tafiti nyingine za elimu: anayechunguza ndiye anayechunguzwa. Mwalimu huona kasoro katika ufundishaji wake, hujaribu njia nyingine, hutazama matokeo, hutafakari, kisha huanza tena. Kurt Lewin alipoueleza mzunguko huo mwaka 1946, alikuwa akishughulikia mahusiano ya makundi ya jamii nchini Marekani. Lawrence Stenhouse, katika Uingereza ya miaka ya 1970, ndiye aliyesisitiza kuwa mwalimu wa darasani ni mtafiti. Makala haya hayana ugomvi na mbinu hiyo. Ugomvi wake ni na Kiswahili tunachoiandikia.

Tuanze na jina. Wapo wanaosema utafiti wa vitendo. Mimi nashika utafiti-tendaji, kwa kuwa kiambishi -aji hudokeza mtenda. Hata hivyo, katika kijiji cha Handeni neno mtendaji humleta kwanza akilini ofisa wa kijiji anayefuatilia michango na wazazi wa watoro. Walimu wakilicheka jina hilo, hawacheki bure. Wanasikia ukaguzi kabla ya kusikia uchunguzi.

Mahali pa kufanyia kazi hii papo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, umewapa walimu jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule zao, na Tanga ni miongoni mwa mikoa 9 ya programu ya Shule Bora. Katika vikao vya namna hiyo nilivyohudhuria, walimu husema wazi: mimi nilijaribu hivi, watoto wakanishinda. Kalamu inaposhikwa, nafsi hiyo hutoweka. Nitoe mfano nilioutunga mwenyewe, usije ukamwangukia mtu:

“Ilibainika kuwa wanafunzi wa darasa la pili hawamudu silabi zenye herufi mwambatano. Hali hii imesababishwa na lugha ya mama na mazingira ya nyumbani.”

Kisarufi, sentensi hizi hazina dosari. Lakini nani alibaini? Kauli ya kutendeka katika ilibainika haimfichi mtenda tu. Haimpi hata nafasi ya kutajwa. Kauli ya kutendwa ingeruhusu angalau na mwalimu. Katika sentensi ya pili mtenda amepatikana, naye ni nyumba ya mtoto. Sasa tulinganishe na hii, nayo ya kutunga:

“Nilikuwa nikiwasomesha mbw- na nyw- kwa kuitikia pamoja. Nilipomsikiliza mmoja mmoja, niligundua kuwa wengi wamekariri ukurasa.”

Hapa pana jambo la kurekebishwa, na yupo wa kulirekebisha. Ripoti ya kwanza haina mahali pa kuanzia mzunguko wa pili, maana hakuna aliyefanya lolote katika mzunguko wa kwanza.

Dai la lugha ya mama nalo linastahili kupimwa badala ya kurudiwa. Kizigua, Kisambaa na Kibondei ni lugha za kundi la Seuta, jirani wa karibu wa Kiswahili. Mtoto wa Handeni hafiki shuleni akiwa mgeni wa ngeli wala wa upatanisho wa kisarufi. Na Korogwe, ambako mashamba ya mkonge yalikusanya vibarua kutoka pande nyingi, Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa familia nyingi tangu zamani. Kama lugha ya mama inazuia, inazuia wapi, katika sauti ipi, neno gani? Anayeweza kujibu ni mwalimu aliyeandika kosa la mtoto kama lilivyotamkwa, pamoja na alilomwambia baada ya hapo.

Zipo hoja za kuitetea ripoti ya kwanza. Inasemwa kuwa nafsi ya kwanza ni majivuno, tena si ya kitaaluma. Fasihi ya mkoa huu inakataa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliandika Maisha Yangu bila kuikimbia nafsi yake, wala hatumhesabu miongoni mwa wenye majivuno. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja wa Mazinde, ni nathari inayotaka kujua nani alimwambia nani, na nani akatenda nini.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami sina jibu jepesi. Ripoti ya mwalimu husomwa na mwalimu mkuu, ofisa elimu kata na mthibiti ubora. Anayeandika nilikosea anaandika ushahidi dhidi yake. Kwake -ik- ni ngao, na kumwambia aitupe huku faili likibaki lilelile ni kumtuma vitani mikono mitupu.

Lawama nyingine ni yetu vyuoni. Kwa miaka mingi nimekata ni- kwa wino mwekundu katika kazi za wanachuo na kuandika pembeni “tumia lugha ya kitaaluma”. Wanachuo hao ndio walimu wa leo, waliandika walivyofundishwa.

Napendekeza daftari la uchunguzi libaki mali ya mwalimu na wenzake wa jumuiya, liandikwe kwa nafsi ya kwanza, na lisidaiwe na ofisi yoyote. Kinachopelekwa juu kiwe muhtasari wa kurasa mbili, ulioandikwa na jumuiya nzima kwa tu-. Mthibiti ubora akitaka kujua zaidi, aje aketi darasani.