"Karibu", "Takriban" na "Yapata": Ukadiriaji wa Saa na Tafsiri Yake

Aghalabu maneno "karibu", "takriban", "yapata" na "kama" hufasiriwa kwa neno moja tu la Kiingereza, "about". Usawazishaji huu humpunguzia mfasiri kazi, lakini humpotosha msomaji.

"Karibu" na "takriban" yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ujirani, ila katika matumizi yameachana. Asemaye "karibu saa kumi na mbili" kwa kawaida hudokeza kwamba saa hiyo haijatimia. Vivyo hivyo "karibu aanguke" maana yake hakuanguka. "Takriban" halina upande: huruhusu kabla na baada. "Yapata" ni kitenzi "kupata" kilichoganda, na bado lina dalili ya kipimo kinachofikiwa. Ndiyo maana huafikiana sana na muda uliohesabiwa, kama "yapata miaka kumi". "Na ushei" hukabili "karibu", kwani saa imekwisha kupita. "Hivi", likifuata saa, hupunguza dhamana ya msemaji mwenyewe.

Tofauti hizi si za darasani tu. Huko Wang'uru, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, maji ya mito Thiba na Nyamindi hupitishwa miferejini, na yanapopungua hugawanywa kwa zamu. Tuseme zamu ya mkulima yaanza saa kumi na mbili asubuhi, na shahidi adai kwamba mkulima huyo alifungua maji "karibu saa kumi na mbili". Ushahidi huo wamtia hatiani. Sheria ya Kenya huruhusu Kiswahili au Kiingereza katika mahakama za chini, ilhali lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kumbukumbu ikisomeka "about six", shtaka lenyewe limeyeyuka. "Around" nalo halifai. Kiingereza hakikosi njia: "just before six" huuhifadhi upande uliokusudiwa.

Yaweza kujibiwa kwamba wasemaji wengi wa Wang'uru walianza na Kikuyu, na huenda baadhi yao hawazingatii mpaka huo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiutetei usawazishaji. Yazidisha wajibu wa mkalimani kumwuliza shahidi: kabla au baada? Kamusi nazo hazina budi kuonyesha, kwa mifano ya sentensi, upande ambao kila neno huelekea. Visawe vitupu havitoshi.